Tupeane uzoefu: Mliowahi kutangaziwa tarehe ya mwisho wa dunia, kesho yake ilikuwaje?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Naomba tusianze kubishana kama mwisho upo au haupo. Nataka kusikia jambo moja tu kutoka kwa waliowahi kupewa tarehe wakaiamini: asubuhi iliyofuata mlifanya nini?

Naanza mimi. Mwaka 1999 nilikuwa na miaka kumi na moja. Mama alikuwa ameingia kwenye kikundi cha maombi ambacho kiongozi wake alifundisha kwamba mwaka 2000 hautafika. Kuanzia Novemba akawa anagawa vitu: nguo za kutokea, kitanda cha wageni, mwisho vyombo. Tukabaki na kikombe kimoja kimoja na sufuria ndogo isiyo na mfuniko. Nilipomuuliza nani atanijalidia madaftari ya mwaka mpya, alinishika kichwa akasema, "Huko tuendako hakuna madaftari, mwanangu."

Usiku wa tarehe 31 tulipiga magoti tangu saa tatu. Nilikuwa nimemshika mdogo wangu mkono, kiganja chake kimelowa jasho. Saa sita ilipogonga, nje watu wakapiga kelele za shangwe, na sisi mle ndani tukadhani ndiyo yenyewe imeanza. Tulilia sana. Kulipokucha kila mtu akashika njia yake, hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Asubuhi hiyo mama alinituma kwa jirani nikaazime sufuria kubwa. Jirani akanipa. Ilikuwa yetu. Niliijua kwa mpini wake uliofungwa waya, na waya ule aliufunga baba. Jioni nikairudisha imeoshwa, na tuliendelea kuiazima hivyo karibu mwaka mzima. Tarehe yenyewe nilishaisamehe. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba yule kiongozi hakuja hata siku moja kumwambia mama pole.

Mtoto wa Mwinjilisti: Pole sana ndugu. Kwetu aliyepiga hesabu alikuwa baba mwenyewe, kwa chaki, ukutani sebuleni. Alianzia Danieli 8:14, zile siku 2300, siku moja kwa mwaka mmoja. Njia hiyohiyo William Miller wa Marekani aliipita zamani: akahesabu kuanzia mwaka 457 kabla ya Kristo, akaangukia 1843 na 1844. Tarehe 22 Oktoba 1844 ilipendekezwa na mfuasi wake Samuel Snow, na maelfu wakaisubiri. Wengine waliacha mazao shambani bila kuvuna.

Niliwahi kuikagua hesabu ya baba nikiwa sekondari. Kujumlisha kulikuwa sahihi kabisa. Shida ni pale pa kuanzia na ile kanuni ya siku kuwa mwaka. Ukisogeza mwanzo, mwisho nao unasogea. Baba aliusogeza mara mbili. Mara ya tatu nilimkuta anaosha ukuta kwa kitambaa na maji ya sabuni, peke yake, saa kumi na moja alfajiri. Sikumwambia kitu. Nilichukua kitambaa kingine nikasaidia.

Binti wa Saba: Mimi sikupewa tarehe, nilipewa "wakati wowote", na kwa mtoto nadhani ni mbaya zaidi. Nilifundishwa unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa ghafla kwenda mbinguni, tangu nina miaka mitano. Siku moja nimeamka usingizini mchana, nyumba kimya, ndala za mama zipo mlangoni, mama hayupo. Nikajua ameshachukuliwa, nimeachwa. Nilizunguka vyumba vyote nikiita mpaka sauti ikakauka. Alikuwa uani anaanika nguo, pekupeku. Sasa nina watoto wangu, na kila nikitoka nawaaga hata kama wamelala.

Mwanafunzi wa Madrasa: Na upande wetu yapo, msidhani ni kwa Wakristo tu. Nilipokuwa mdogo ilizunguka karatasi ya "Sheikh Ahmad", eti mlinzi wa kaburi la Mtume, kaota kwamba Kiyama kimekaribia, na asiyeinakili akaisambaza atapatwa na msiba. Nilikaa usiku kucha nikiandika nakala ishirini. Vidole viliuma, na nakala ya kumi na saba niliikosea nikailia. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba barua ya namna hiyo ilishazunguka Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1908, ikawatia wakoloni wasiwasi. Yaani tangu mwaka huo Kiyama "kimekaribia" kwa mwandiko uleule.

Mwalimu wangu alipoziona zile karatasi hakunichapa. Alifungua Sura Luqman, aya ya 34, akanisomea kwamba ujuzi wa Saa uko kwa Mwenyezi Mungu. Kisha akanisimulia hadithi ya Jibril: Mtume mwenyewe alipoulizwa lini, alijibu kwamba anayeulizwa hajui zaidi ya anayeuliza. Ule wasiwasi ulinitoka siku hiyohiyo, na namwombea dua mpaka leo.

Jumatatu Asubuhi: Mimi ni wa 21 Mei 2011. Harold Camping, mzee wa redio wa Marekani. Alihesabu miaka 7000 tangu gharika, ambayo yeye aliiweka mwaka 4990 kabla ya Kristo, akasema tetemeko litaanza saa kumi na mbili jioni kila nchi kwa saa zake. Niliacha kazi mwezi mmoja kabla. Siku yenyewe nilikaa na simu mkononi nikifuatilia nchi zinazotangulia kuingia jioni. Zikawa zinapita moja baada ya nyingine, salama. Tumbo lilianza kuniuma kabla hata jioni yangu haijafika.

Yeye akasema hukumu imekuja kiroho, mwisho kamili ni 21 Oktoba. Nayo ikapita. Machi 2012 alikiri kwa maandishi kwamba alikosea na kwamba ilikuwa dhambi kutaja tarehe. Nampa heshima kwa hilo, wengi hawakufika hapo. Lakini mimi Jumatatu ya tarehe 23 Mei nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa ofisi niliyoiacha, nimevaa shati nililopanga kunyakuliwa nalo.

Mchambuzi Mpole: Mleta mada, umegusa penyewe. Hatari kubwa mara nyingi huja tarehe ikishapita. Kanungu, Uganda, kundi la kidini la Joseph Kibwetere lilisubiri dunia iishe mwishoni mwa 1999. Mwaka 2000 ukaingia, inasimuliwa kwamba waumini wakaanza kudai mali walizotoa, na tarehe 17 Machi kanisa likateketea na mamia ndani. Shakahola, Kenya, kuanzia 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu. Ndiyo maana sitaki kusikia watu wakiitwa wajinga. Mtu aliyegawa kila kitu hana pa kurudi, na anayemcheka anazidi kumsukuma kwa yuleyule aliyempotosha.

Mtoto wa Mwinjilisti: Naongeza moja. Mimi bado naamini Bwana atarudi. Marko 13:32 inasema siku ile hata Mwana haijui. Baba aliusoma mstari huo mara ngapi! Alikuwa akisema "siku na saa hatujui, ila mwaka je?"

Mleta mada: Asanteni nyote. Jana jioni nilimsomea mama uzi huu, wote, taratibu. Alisikiliza bila kusema neno. Kwenye habari ya ukuta alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Nilipomaliza aliniuliza swali moja: yule wa shati, kazini walimrudisha?

Jumatatu Asubuhi: Mwambie walinirudisha, mama. Baada ya miezi miwili, kwa nafasi ya chini. Bosi alinifungulia mlango, akaniuliza kama nimekula.