Mawazo mapya yananitoa kwenye riwaya yangu

Mwandishi wa Himbi, Goma: Ndugu zangu, ninaandika riwaya kuhusu familia iliyokimbilia Gisenyi, nchini Rwanda, wakati lava ya volkano ya Nyiragongo ilipoingia mjini tarehe 17 Januari 2002. Nimefika pale wanaporudi na kukuta kiwanja chao kimefunikwa na mawe meusi ambayo bado yana joto, na tangu hapo mawazo mengine hayanipi nafasi: mara hadithi ya wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, mara tamthilia ya wachimbaji. Je, niyafuate?

Msomaji wa Kadutu, Bukavu: Hapana, dada, lakini usiyafukuze. Yaandike kwa mistari miwili katika daftari la pembeni, kisha urudi kazini. Mimi langu hulifungua Jumapili tu, na mengi yaliyonisisimua katikati ya juma huwa yamekwisha kuchuja.

Mhariri wa Kamalondo, Lubumbashi: Daftari ni zuri, ingawa ninashuku kwamba tatizo ni sura yenyewe, kwa sababu wazo jipya huvutia zaidi pale lile la zamani linapodai uamuzi ambao mwandishi anaukwepa. Familia imerudi, inataka nini? Itajenga juu ya lava, kama wengi walivyofanya, au itahamia Sake? Amua hilo kwanza. Wavuvi, kwa maoni yangu, wanaweza kuingia humohumo, ikiwa baba atalazimika kwenda ziwani usiku kutafuta riziki.

Mwandishi wa Himbi: Asante, yaya. Mama atakataa kuhama; kesho ninaanza na ugomvi wao.