Kisigino baada ya saratani ya ngozi: kiraka cha paja, flapu, au safari ya Dar?

Mchinga_1
Wakuu, habari za jioni. Mzee wangu hapa Mtwara alikatwa uvimbe mweusi unyayoni, majibu yakaja saratani ya ngozi. Kidonda bado kiko wazi. Tumeambiwa tuchague: kupandikiza ngozi ya paja, kuhamisha nyama pamoja na mishipa yake ya damu kutoka shavu la mguu (ndiyo flapu), au kwenda Dar kwa mabingwa. Kipi kinadumu? Msimu wa korosho huo unakuja, naye anataka shamba lake.

Fundi_Nyuzi
Pole kwa mzee. Ila mkuu umeficha yote ya maana. Unyayo sehemu gani? Ni melanoma, ile saratani ya chembe za rangi ya ngozi, au saratani iliyoota kwenye kovu la zamani? Unene wa uvimbe milimita ngapi? Kingo za nyama iliyokatwa zimetoka safi, bila saratani? Ana kisukari? Anavuta? Mshipa wa nyuma ya kifundo, upande wa ndani, unadunda? Bila hayo tunapiga ramli.

Mama_Shangani
Na mitoki ya kinenani, ipo? Hapo ndipo melanoma ya mguu hupenda kukimbilia.

Mnyangao
Mimi kura yangu ni kiraka cha paja. Operesheni fupi, ganzi ya mgongo inatosha, paja linapona siku 10 hadi 14. Faida nyingine watu hawaisemi: ngozi ni nyembamba, ugonjwa ukirudi chini yake unauona mapema.

Fundi_Nyuzi
Kwenye upinde wa unyayo sawa, pale hapabebi uzito. Kisigino ni habari nyingine. Kiraka hakiji na damu yake. Siku mbili za mwanzo kinanyonya majimaji ya kidonda, kisha mishipa midogo inakiingia, na kufikia siku ya tano ndipo kinashika. Ndiyo maana gozi, kitambaa cha kufungia kidonda, hufungwa kwa nyuzi juu yake na mguu huinuliwa. Damu ikijikusanya chini yake, au mgonjwa akiukanyagia mguu kwenda msalani, kinateleza na kufa. Kwenye mfupa mtupu hakishiki kabisa.

Tuseme kimeshika. Akianza kutembea, pembeni kiraka kinapokutana na ngozi ya unyayo panaota sugu. Sugu inapasuka, mchanga unaingia, naye hasikii maumivu kwa sababu kiraka hakina hisia ya kutosha. Linakuwa donda la miezi, na kila likikataa kupona daktari analazimika kukata kipande kidogo cha nyama kupima upya: ni msuguano, au saratani imerudi?

Mchinga_1
Asanteni. Ni kisigino, sentimita 5 kwa 4 hivi. Sukari anayo, anatumia vidonge. Karatasi ya majibu anayo kaka yuko Newala.

Mnyangao
Sukari! Ungeanza na hilo.

Kongo_la_Kusini
Basi ulizeni kuhusu flapu ya upinde wa unyayo, mbona haimo kwenye orodha yenu? Ngozi ni ileile ya unyayo, inahama na mshipa na neva yake, kisigino kinabaki na hisia. Pengo linalobaki upindeni ndilo linazibwa kwa kiraka. Sharti ni damu: ule mshipa wa nyuma ya kifundo uwe mzima, upimwe kwa dopla, kipimo cha mwendo wa damu, kama kuna shaka.

Ya shavu la mguu inageuzwa kutokea kama sentimita 5 juu ya kifundo cha nje. Inafika kisigino vizuri, ila mara nyingi tatizo lake ni damu kushindwa kurudi: inavimba, inakuwa ya zambarau, ncha inakufa. Kisukari na sigara huongeza hatari. Wengine huiinua, wakairudisha mahali pake, kisha wakaihamisha baada ya wiki moja au mbili ili izoee. Kisigino kisilalie kitanda hata kidogo.

Mwana_Ligula
Msitangulize mkokoteni mbele ya punda. Kingo kwanza! Melanoma yenye unene usiozidi mm 1 hukatwa pamoja na ukingo wa sm 1 wa ngozi nzima kuizunguka, ikizidi mm 2 ni sm 2. Ukihamisha nyama kabla ya majibu, ugonjwa uliobaki unaufukia, na kukata tena ni kubomoa flapu. Kidonda kinaweza kusubiri kwa gozi wiki kadhaa.

Mama_Shangani
Si bora akatwe chini ya goti yaishe?

Mwana_Ligula
Hapana mama, kama saratani haijagusa mfupa, na damu inafika mguuni. Dar watamwekea hata nyama ya paja kwa kuunga mishipa chini ya darubini, ila ni saa nyingi mezani.

Kongo_la_Kusini
Akienda huko, kurudi na basi mguu ukining'inia saa zote hizo ni kuiua flapu changa. Asubiri hadi daktari aruhusu kuushusha, kwa dakika chache chache.

Mnyangao
Shambani avae katambuga, tairi halichomwi kirahisi na mwiba.

Fundi_Nyuzi
Katambuga kwa kisigino cha kiraka? Tairi ni gumu na mikanda inakata. Kiatu kipana kilichofungwa, sponji nene ndani, na akague unyayo kwa kioo kila jioni.

Mnyangao
Kiatu kilichofungwa kwa joto la Lindi, jasho lote linabaki ndani. Utamletea fangasi.

Mama_Shangani
Soksi za pamba, abadilishe mchana. Hizo za nailoni za mnadani ndizo zinazochoma.