Mrejesho: programu za kiwandani nimezizima, simu iko hai

Ndugu zangu, ni yule wa Kampala niliyeuliza namna ya kuzima programu zilizokuja na simu yangu ya Android, yenye root (ruhusa ya kugusa mfumo wote), bila kuiua. Imekubali. Sikufuta kitu: nilifungua terminal (programu ya kuandikia amri), nikaandika su (amri ya kuomba root), kisha amri ya kuzima, pm disable-user --user 0, na jina la kifurushi (jina la programu ndani ya mfumo), moja moja, nikiizima na kuiwasha simu kila baada ya mbili tatu. SystemUI, inayoonyesha upau wa juu na vitufe vya simu, sikuigusa.

Kosa langu? Nilizima kibodi kabla ya kuweka nyingine. Nagusa pa kuandikia, herufi hazitokei! Kebo, kompyuta ya jirani, amri ya kuwasha kutoka kompyuta, adb shell pm enable, na jina la kifurushi cha kibodi, ikarudi. Programu zile hazili tena data: sasa bando la wiki linafika Jumapili.