Maneno ya Kiingereza ya herufi tano yenye E, A na R: wanafunzi watayatafutaje?

Ticha_Masasi
Habari za jioni wakuu. Nina klabu ya Kiingereza ya kidato cha kwanza na cha pili, vikundi vinane vya watu watano watano. Zoezi la Ijumaa ni hili: ndani ya dakika 20 kila kikundi kitafute maneno ya herufi tano yenye E, A na R, herufi hizo zikae popote. Wengi wanaishia "water", "paper", "great", halafu wanaanza kuleta "year", ambalo lina herufi nne, na "teacher", ambalo lina saba. Sitaki orodha ya kukariri, nataka njia ya kutafuta. Kadi nitakata kwenye maboksi. Je, kila kikundi kinahitaji kadi ngapi?

Mikindani_Pwani
Mwalimu, waambie waache kutafuta neno, watafute herufi mbili. E, A na R zikishakaa mezani, kilichobaki ni jozi moja tu. Jozi zote zinazowezekana, pamoja na zile za herufi inayojirudia, ni 351, na nyingi hazizai kitu. Lakini jozi nzuri moja inatoa maneno matatu mpaka matano kwa mpigo. Chukua G na L: large, glare, regal, lager. T na L: later, alert, alter. C na T: trace, crate, react, cater. B na K: break, brake, baker. H na T: earth, heart, hater. L na Y: early, layer, relay. P na S ndiyo shamba lenyewe: spare, spear, parse, na ukiruhusu wingi unaongeza pears.

Kosa linalokula muda ni kuchanganya kadi ovyo. Herufi tano tofauti zinapangika kwa njia 120, hakuna mtoto atakayezimaliza. Afunge kwanza mwanzo wa neno. Kiingereza kinapenda R ikae nyuma ya B, C, D, F, G, P au T. Kwa hiyo mwenye G na T aweke GR mbele, zibaki E, A na T. Hapo ana njia sita tu, na mbili kati yake ni maneno: great na grate.

Ruangwa_Kamusi
Naongezea hapo kwenye GR. Baada ya konsonanti mbili za mwanzo, irabu zina mikao miwili mikuu: EA zishikane (bread, dream, cream, tread, break), au A itangulie na E ifunge neno (brake, trade, grape, frame, crane). Mtoto akipata neno la mkao mmoja, ajaribu kulihamishia mkao wa pili. Tread inageuka trade, break inageuka brake. Ila siyo kila mara: dream haitoi "drame", bread haitoi "brade", kwa hiyo kamusi iwe karibu. Akiwa na V, asihangaike: maneno ya kawaida ya Kiingereza hayaishii na V, lazima E iifuate. Ndiyo maana ni brave, grave, crave, carve.

Mkao huu wa A na E ya mwisho wanaujua tayari bila kujijua, kwa sababu ya maneno tuliyokopa. Breki ya baiskeli ni brake. Kreti ya soda ni crate. Fremu ya dirisha ni frame. Gredi ya korosho ni grade. Sauti ya "e" katika neno letu ndiyo A ya kwao, na E yao ya mwisho haitamkwi. Kwa njia hiyo hiyo tofauti ya brake na break inakaa kichwani: matamshi ni mamoja, ila chombo cha kusimamishia gari ndicho breki, chenye E mwishoni, baada ya K.

Mkao wa tatu ni ER mwishoni: later, maker, wafer, eager. Huo ni rahisi, wataupata wenyewe.

Newala_Juu
Kuhusu kadi: E mbili (kwa ajili ya agree na eager), A mbili (arena), R moja, P mbili (paper), kisha moja moja za B, C, D, F, G, H, K, L, M, N, S, T, V, W, Y. Jumla 22 kwa kikundi, 176 kwa vikundi vinane. Kadi za sentimita 5 kwa 5: upande wa boksi wenye sentimita 50 kwa 40 unatoa 80, kwa hiyo pande tatu zinatosha na kadi za akiba zinabaki. Andika herufi kubwa, na M na W zipigie mstari chini. Watoto wanakaa kuzunguka meza, aliye upande wa pili anasoma W mahali pa M, na ugomvi unaanzia hapo.

Sheria itangazwe kabla ya saa kuanza: je, wingi wa S (years, tears) na kitenzi cha ED (rated, bared) vinaruhusiwa? Mimi ningekataa vyote viwili. Kamusi nyingi ndogo haziviorodheshi peke yake, utabishana na kila kikundi. Sabre ikubali, Marekani huandika saber, nayo ina herufi zile zile.

Ticha_Masasi
Asanteni sana. Wakisoma orodha kwa sauti, clear, heard na heart wanazitamka EAR kwa namna moja. Nizipangeje?

Ruangwa_Kamusi
Zipange ubaoni kwa safu nne za sauti, usizipange kwa alfabeti. Safu ya kwanza: clear, beard, smear, karibu na "ia" ya "klia". Ya pili: swear, inayolingana na spare na share, karibu na "ea". Ya tatu: learn, early, earth, pearl, heard, yenye irabu ndefu ya katikati ya mdomo ambayo Kiswahili hakina; iwe ya mwisho kufundishwa, kwa kusikiliza na kurudia. Ya nne ina heart peke yake, "haat". Beard na heard ziandike zikitazamana: zinatofautiana herufi moja tu ya mwanzo, lakini hazina vina.

Mikindani_Pwani
Na anayechanganya L na R apewe glare na clear kwanza. Zote zina herufi hizo mbili ndani ya neno moja, hawezi kukwepa.