Mikanda ya jipsamu kutofautiana ugumu: tatizo ni unga au ni sisi?

Fundi wa Pasua: Wakuu, salaam. Nina karakana ndogo hapa Moshi inayotengeneza mikanda ya dari na maua ya jipsamu kwa mkono. Mikanda inayotoka kwenye kalibu moja, siku moja, haifanani: mmoja unakuwa mgumu, mwingine ukiupapasa unaacha vumbi, na mwingine una matundu madogo kama ya sindano. Kwa sasa tunakagua kazi ikiwa imeshakauka na kutupa zilizoharibika, jambo linalotumalizia mtaji. Je, nibadilishe duka ninaponunua unga?

Mapambo Sakina: Mkuu, kabla ya kumlaumu mwenye duka, tazama mnavyopima maji. Ili kuganda, gramu 100 za unga safi huhitaji takribani gramu 18.6 tu za maji; lakini mchanganyiko huo haumiminiki, ndiyo maana mafundi wengi huweka gramu 60 hadi 80. Maji ya ziada hukauka baadaye na kuacha vinyweleo, kwa hiyo kadiri yanavyozidi ndivyo mkanda unavyokuwa dhaifu. Anayekadiria kwa jicho hawezi kurudia kipimo kilekile kutwa nzima, hata awe hodari namna gani. Nunua mizani, chagua kiwango kimoja, tuseme gramu 70, na usiruhusu mtu kuongeza maji baada ya kukoroga. Nyunyiza unga kwenye maji, uache ulowe dakika moja au mbili, kisha koroga taratibu, kwa maana matundu hayo ni hewa iliyoingizwa na mkorogo wa haraka. Ndoo nayo ioshwe kila mara: mabaki yaliyoganda huharakisha mchanganyiko mpya kuganda, na kijana akiona unamshinda hukimbilia maji.

Mama Njiro: Nakubaliana na Sakina kuhusu maji, ila unga nao usiachiliwe. Wakati wa masika, mfuko uliolazwa kwenye sakafu ya saruji hunyonya unyevu, na unga wake hugandia muda usiotabirika. Panga mifuko juu ya mbao, na kila unapofungua mpya mimina kipande kidogo cha majaribio kwa kipimo kilekile, uandike kimechukua dakika ngapi. Halafu, mnakaushaje? Mkanda uliowekwa karibu na jiko la mkaa, joto likipita nyuzi 50 hivi, huanza kupoteza maji yaliyoushikamanisha na uso wake hugeuka vumbi. Kausheni kivulini penye upepo, mkipima uzito hadi uache kupungua, ndipo mpake rangi.

Fundi wa Pasua: Ahsanteni sana. Jiko tunalo, na vumbi limezidi tangu mvua zianze. Vipande vilivyovunjika, naweza kuvisaga na kuvichanganya na unga mpya ili kupunguza hasara?

Mapambo Sakina: Hapana, mkuu. Jipsamu iliyoganda haigandi tena mpaka ichomwe kwa takribani nyuzi 150, na ukiisaga hivyohivyo itafanya kazi ileile ya ndoo chafu.