Bosi anataka niingize mauzo Desemba, mzigo bado uko ghalani. Nifanyeje?

KalamuNyekundu:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mhasibu, nashughulika na mapato. Tunafunga hesabu za mwaka, na mkurugenzi wa fedha kanipigia simu anataka ankara ya mteja mmoja mkubwa isomeke Desemba. Ankara ina tarehe 30, lakini mzigo uko ghalani kwetu mpaka leo, mteja hajasaini popote. Nilipomuuliza akasema, "Hela itakuja tu, wewe ingiza."

Si mauzo hewa. Mteja yupo, oda ipo. Ingekuwa ni kubuni mteja ningekataa palepale. Hapa ni siku chache tu, ila ndizo zinazoamua kama lengo limefikiwa na bonasi zinatoka, yangu ikiwemo. Nina watu wananitegemea, kuacha kazi kwa sasa haiwezekani. Mlioko kwenye makampuni makubwa, mnaishi vipi na mambo haya?

Mpambanaji:
Ingiza, mkuu. Januari itajisawazisha yenyewe. Utakatifu haulipi kodi ya nyumba.

MzeeWaMizania:
Mleta mada, huyo hapo juu hajawahi kukaa upande wa ukaguzi. Januari haijisawazishi. Umeshaila kabla haijaanza, na lengo la mwaka ujao litapangwa juu ya namba hiyo hiyo uliyoivuta. Desemba ijayo utaombwa uvute kubwa zaidi.

Msome Betty Vinson, mhasibu wa ngazi ya kati pale WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani. Mwaka 2000 aliombwa arekebishe namba, akaambiwa ni mara moja tu. Akawaza kujiuzulu, akabembelezwa, akabaki, na maombi yakaendelea kuja. Mwaka 2002 wakaguzi wa ndani wakiongozwa na Cynthia Cooper wakaibua uozo, na 2005 Vinson akahukumiwa kifungo cha miezi 5. Hakuwa mwizi. Alikuwa mtu wa kuambiwa "ingiza".

Sasa kazi yenyewe. IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mapato, haiangalii tarehe ya ankara, inaangalia kama udhibiti wa bidhaa umeshahamia kwa mteja. Mzigo unaweza kubaki ghalani kwako na mauzo yakawa halali, lakini kwa masharti: kuwe na sababu ya msingi, mfano mteja mwenyewe ameomba umhifadhie, mzigo uwe umetengwa na kutambulika kuwa ni wake, uwe tayari kuondoka, na usiweze kuutumia wala kumpa mteja mwingine. Kwa hiyo shuka ghalani ukautazame kwa macho yako. Kisha mwandikie bosi mistari miwili mitatu: "Kufuatia simu yako ya leo, naomba barua ya mteja ya kuomba tumhifadhie mzigo. Isipopatikana, ankara itaingia Januari." Basi. Usihubiri. Maelekezo mengi ya kwenye simu hufa yakishawekwa kwenye maandishi.

DadaWaLeja:
Mzee yuko sahihi, ila mimi ningeanza kwa kumfuata ofisini. Baruapepe ikitangulia anaona umemtangazia vita. Mwambie wakaguzi wa nje huchukua ankara za siku za mwisho na kuzilinganisha na hati za kupokelea mzigo, na hii ni kubwa, ni rahisi kuangukia mikononi mwao. Unamwokoa na yeye. Halafu ndiyo uandike. Na usijitumie nyaraka za ofisi kwenye baruapepe yako binafsi, hiyo itageuzwa kuwa kosa lako.

KalamuNyekundu:
Nimeshuka ghalani. Hakuna hata lebo ya jina la mteja. Mtunza ghala ananiambia sehemu ya mzigo huo waliipunguza wiki iliyopita kumpelekea mteja mwingine! Nimemfuata bosi, kanisikiliza, kasema "tutaona". Nimemwandikia, kasoma, kimya. Ankara nimeiweka Januari. Akiamua kuiingiza mwenyewe kwa nywila yake, mimi nimemaliza?

MzeeWaMizania:
Hujamaliza, kwa sababu ripoti ya mapato inatoka mezani kwako. Ukiiona imerudi Desemba, usisaini ripoti hiyo, na uende kwa mkuu wa ukaguzi wa ndani au kamati ya ukaguzi ya bodi. Na leo, kabla mzigo haujaondoka, muombe mtunza ghala akupe nakala ya kadi ya bidhaa yenye tarehe, uiweke kwenye faili la ankara hiyo.