Mrejesho: kumbe "luthier" sio mpiga udi

Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza mpiga udi (kile chombo cha nyuzi cha taarabu) kwa Kiingereza anaitwaje, maana nlikuwa natafsiri wasifu wa babu mmoja hapa Ujiji aliyekuwa kwenye kikundi cha taarabu enzi zake, na nlishaandika "luthier". Aibu tupu! Luthier ni fundi anayetengeneza vyombo vya nyuzi, hata magitaa na fidla, neno la Kifaransa hilo. Mpigaji wa lute, yaani ndugu wa udi kule Ulaya, ni "lutenist", wengine wanaandika "lutanist", kama John Dowland wa Uingereza aliyefariki 1626.

Ila hata hilo halimkai babu vizuri, coz lute ya Ulaya imefungwa vigawio shingoni (frets, vile vya kuonyesha pa kubonyeza kama kwenye gitaa), udi hauna, shingo tupu kabisa kidole kinatafuta chenyewe. Asili yake ni moja, al-ud ya Kiarabu, yaani mti, Wazungu wakabeba mpaka ile "al" ikawa lute, sisi tukabaki na udi. Na udi si ndo huohuo wa kufukiza, nlivyomsomea shangazi "mpiga udi hodari" akaniuliza anauza tola (kile kipimo cha udi) shilingi ngapi 😂

Jana nikamfuata babu mwenyewe. Kautoa uvunguni umeviringishwa kanga, nyuzi zimebaki 4 kati ya 11, akagonga moja akakunja uso. Akasema we andika mcharaza udi, basi. Nimeandika hivyohivyo, kwenye Kiingereza nimeweka "oud player". Asanteni sana.